Kibati cha namba kwenye fremu ya pikipiki ya zamani: kabla hujaipeleka kwenye rangi, pita hapa kwanza

Mleta uzi

Wakuu, habari za jioni.

Uzi huu ni mrefu. Jambo lenyewe limenigharimu na sitaki limgharimu mwingine. Ni kuhusu kile kibati kidogo kilichopigiliwa shingoni mwa fremu (pale usukani unapoingia) za pikipiki za zamani, pamoja na namba iliyogongwa kwenye chuma chenyewe. Wengi wetu tunaofufua pikipiki hizi tunahangaika na injini, tenki na kromiamu, halafu fremu tunaibeba kama skrepa kuipeleka kwa mtu wa kupiga mchanga, yaani kutoa rangi kwa mchanga unaorushwa na bomba la hewa. Inarudi inang'aa, lakini haijulikani tena ni ya nani.

Nianze na kosa langu. Mwaka 2019 nilikuwa na Honda ya miaka ya 70. Nikavua kila kitu, fremu nikaipeleka kwenye karakana moja hapa Dar yenye pipa la kutolea rangi. Ndani ya pipa kuna kostiki soda ya moto. Kijana aliyenipokea nilimwambia rangi yote itoke, na kweli ikatoka. Kibati cha alumini nacho kikaondoka. Nilikuta ukingo mwembamba kama ganda la kitunguu umening'inia kwenye pini 1. Kostiki haili chuma, ndiyo maana wanaipenda, lakini alumini inaila vibaya sana. Yale mapovu unayoyaona pipani ni haidrojeni inayotoka wakati alumini inayeyuka. Kibati chenye unene wa nusu milimita hakimalizi saa 1 humo.

Ikawa imebaki namba ya kwenye chuma. Hiyo nayo mwenzake aliipitisha grenda ili "kusafisha kutu". Tarakimu 2 zikabaki kivuli. Nilipotaka kuiuza, mnunuzi hakuangalia injini kwanza. Aliinama, akapapasa shingo kwa kidole gumba, akaniuliza mbona hapa ni laini kuliko pengine, akaondoka. Kadi ilikuwa na jina langu, nimeinunua kihalali, na bado sikuwa na neno la kumjibu. Nikiwa mnunuzi mimi, ningeondoka vilevile.

Sasa niko na pikipiki ya marehemu baba, BMW R26. Hizi zilitengenezwa München kati ya 1956 na 1960: silinda 1, cc 247, nguvu farasi 15, na gurudumu la nyuma linazungushwa na shafti badala ya mnyororo. Baba aliinunua mkononi mwa mtu alipokuwa karani kwenye shamba la katani Muheza. Imekaa bandani tangu 1988. Safari hii niliapa fremu haitoki nyumbani mpaka kazi ya shingoni iishe.

Jambo la kwanza, elewa kwamba fremu yenye kibati ina namba sehemu mbili, na hazina uzito sawa. Kuna iliyogongwa kwenye chuma cha fremu, na kuna ya kwenye kibati. Kibati kinaweza kung'olewa na kupigiliwa kwenye fremu nyingine. Ile ya chuma haing'oki. Zikigombana, ya chuma ndiyo ya kuaminiwa na kibati ndicho cha kuulizwa. Lakini zikikubaliana, na matundu ya pini ni yaleyale ya kiwandani, hapo una ushahidi unaoshikana kama mnyororo.

Kwenye R26 namba ya chuma iko upande wa kulia wa fremu, na kibati kiko shingoni. Maandishi ya kibati ni ya Kijerumani: Typ ni aina, Fahrgestell-Nr. ni namba ya chasisi. Usitafute zile herufi na tarakimu 17 za magari ya siku hizi. Mfumo huo ulikuja baadaye kabisa. Namba yangu ina tarakimu 6 tu na inaanza na 34. Za mwisho siziweki hapa, na nawaomba nanyi msiweke zenu. Namba kamili ikiwa mtandaoni, mtu mwenye fremu ya wizi anaweza kuigonga kwake, halafu ninyi wawili mkakutana barabarani.

Pili, piga picha kabla hujaosha. Narudia, kabla hujaosha. Uchafu wa miaka 30 uliojaa kwenye tarakimu ni ushahidi kwamba hakuna aliyezigusa. Nilipiga na rula pembeni, mwanga ukitokea ubavuni, asubuhi na tena jioni. Mwanga wa mbele kwa mbele unafuta kina cha tarakimu. Wa ubavuni unatoa kivuli kila mahali chuma kilipobonyea.

Baada ya picha, nikaondoa rangi juu ya namba kwa rimuva, mswaki wa zamani na kijiti cha mianzi nilichokichonga kama penseli. Hapo pasipite tupa, msasa wala brashi ya waya ya kwenye drili. Kisha nikaweka karatasi nyembamba, nikaishika kwa maskingi tepu, nikasugua penseli ya 2B iliyolazwa ubavu. Namba ikatokea nyeupe kwenye kijivu. Na hapo ndipo moyo ulipiga: kadi ya baba inasema tarakimu ya 4 ni 8. Karatasi inasema 3. Nikarudia mara 5, karatasi 5. Zote 3. Upande wa kushoto wa tarakimu hiyo hauna mkunjo wowote wa kufunga.

Nitarudi hapo. Kwanza kung'oa kibati, maana hapa ndipo wengi tunapoharibu.

Pini zake si pop riveti. Wajerumani wanaiita Kerbnagel: kimsumari kifupi chenye kichwa cha mviringo na mifuo 3 iliyonyooka ubavuni. Kinagongwa kwenye tundu, na mifuo ndiyo inayobana. Kuna aina nyingine, utaikuta sana kwenye mashine za Kiingereza na Kimarekani, ambayo mifuo yake imejisokota kama skrubu. Hiyo ukichora mfereji kwenye kichwa unaweza kuizungusha kwa bisibisi ikatoka. Ya Kijerumani haizunguki, inavutwa. Ukikosea hapo utazungusha mpaka kichwa kikatike.

Nilitia mafuta ya kulegeza kutu siku 2, asubuhi na jioni, tone moja kwa kila pini. Siku ya 3 nikachukua fila geji (yale majani membamba ya chuma ya kupimia nafasi), jani jembamba kuliko yote, nikalipenyeza kati ya kibati na fremu karibu kabisa na pini. Si kwenye kona. Ukiinua kona, kibati kinakunjika, na alumini ikikunjika ule mkunjo haufi. Jani la kwanza likaingia, nikaongeza la pili juu yake, la tatu, nikahamia pini inayofuata. Unaizunguka hivyo mara nyingi kama mtu anayelegeza nati za gurudumu. Baada ya kama saa 1 na nusu vichwa 3 vilikuwa vimeinuka unene wa kucha. Nikakata kadi ya simu ya zamani nikaiweka juu ya kibati kukilinda, nikavivuta kwa koleo.

Cha 4 kilikataa. Nikakipiga sumbi (kichuma chenye ncha) katikati na kukitoboa kwa kekee ya mkono, biti ya milimita 2, mpaka kichwa tu kikaachia. Usitumie drili ya umeme hapa. Ikiteleza mara moja, imechora mstari juu ya namba. Kisiki kilichobaki ndani nikakitoboa kwa biti nyembamba zaidi, ya milimita 1.5, kikalegea chenyewe na tundu la fremu halikuongezeka hata kidogo.

Kibati kimeoshwa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya mche, kwa kidole. Basi. Hakuna dawa ya kung'arishia vyuma: ule weusi ulio nyuma ya herufi ni rangi nyembamba mno, ukisugua utabaki na bati jeupe. Pini zake zote, hata iliyokatika kichwa, nimezifunga kwenye bahasha pamoja nacho. Mama aliniomba akitunze yeye. Kiko kwenye kopo lenye vyeti vyetu vya kuzaliwa.

Naweka nukta hapa kwa leo. Maswali karibuni.

Mdau wa Arusha

Mkuu, asante kwa madini haya. Swali: kwa nini ukivue kabisa? Mimi nina mashine ya 1974, kibati kimekaa vizuri, nilifikiri nikifunike kwa tepu nipulize rangi. Kila nikisoma mambo ya kung'oa naogopa.

Mleta uzi

Swali zuri, na jibu langu huenda litakushangaza: kama kingo zake ni kavu, hakuna kutu inayochungulia chini yake na rangi iliyo nyuma ni nzima, kiache. Usikiguse. Toa rangi kwa mkono ukikizunguka, puliza rangi ukikizunguka. Kibati ambacho hakijawahi kung'olewa kina thamani kuliko kilichong'olewa kwa ustadi.

Mimi nimeng'oa kwa sababu Muheza ni karibu na bahari, na unyevu ulishaingia nyuma. Alumini na chuma vikikaa pamoja kwenye unyevu wa chumvi vinalana. Nyuma ya kibati kulikuwa na unga mweupe upande mmoja na kutu nyekundu upande mwingine. Ningekiacha, kutu ingekitafuna ikiwa chini ya rangi mpya.

Ila usidanganyike na maskingi tepu kama fremu inakwenda kupigwa mchanga. Mchanga unaitoboa kwa sekunde chache, na herufi za kibati zinafutika kabla yule wa bomba hajageuka. Na kama ni rangi ya unga, ile inayopulizwa ikiwa kavu kisha kuokwa, tanuri linafika nyuzi 180 hadi 200. Tepu ya kawaida inaungua na gundi yake inagandia. Kama kibati chako ni stika, ya karatasi au plastiki, hakuna ulinzi wa maana. Hiyo haiendi kwenye tanuri.

Mdau wa Moshi

Nyongeza kwa wa Arusha. Rangi ya unga kwa kawaida ina unene wa maikroni 60 hadi 120 (maikroni 1 ni sehemu ya elfu ya milimita), na mafundi wengine wanapiga mara 2. Namba zilizogongwa kwa kina kidogo zinajaa. Sijui wangapi mmeliona hili: fremu inatoka imependeza, unakwenda kukaguliwa, mkaguzi haoni namba. Hapo unalazimika kuichimbua na unaharibu rangi na namba kwa pamoja.

Mimi humwambia fundi aifunike sehemu ya namba kwa tepu ya kijani ile inayostahimili joto, kipande cha vidole 2, halafu nikirudi nyumbani napaka pale kwa brashi, rangi nyembamba mkono mmoja tu. Ukitazama kwa mbali huoni tofauti. Ukipapasa unazisoma kwa kidole.

Mdau aliyeko Houston

Salamu kutoka huku. Ndugu zangu mlioko Marekani mnaofikiria kusafirisha au kufufua pikipiki hapa, muwe makini na neno "kung'oa". Kuna sheria ya shirikisho, Title 18 kifungu cha 511, inayofanya kuondoa au kuharibu namba ya utambulisho ya chombo kuwa kosa la jinai, na kifungo chake kinafika miaka 5. Kifungu hichohicho kinamwondolea kosa anayetengeneza chombo ikiwa kuondoa namba kulikuwa kwa lazima kwa ajili ya matengenezo, na pia anayerudishia namba kwa kufuata sheria ya jimbo. Kwa hiyo picha alizozitaja mleta uzi, kabla, wakati na baada, ndizo zitakazoonyesha ulikuwa unatengeneza na si kuficha. Kila jimbo lina sheria zake juu ya hiyo. Uliza la kwako kabla hujashika koleo.

Na kwa Honda na Yamaha za miaka ya 70 zilizouzwa huku: shingoni zina kibati kinachotaja mwezi na mwaka wa kutengenezwa na kwamba chombo kinafuata viwango vya usalama vya shirikisho. Kile kile mleta uzi kilichomyeyukia. Ukimletea mjuzi mashine ya 1975 isiyo nacho, anajua fremu imepitia pipani.

Mdau wa Mombasa

Ahsanteni nyote. Mie nina Triumph Bonneville, nimeinunua kwa familia ya mzee mmoja, logbuku ipo. Shingoni upande wa kushoto pamegongwa herufi EG kisha tarakimu. Kwenye injini napo EG na tarakimu zilezile. Muuzaji alisema ni ya 1969. Kweli?

Na pale kwenye injini, nyuma ya namba, naona kama vijichapa vidogo vidogo vimetapakaa. Nilikuwa nataka kupasugua pang'ae. Nisugue?

Mdau aliyeko Leicester

Usisugue! Tafadhali, weka hiyo msasa chini.

Vijichapa hivyo ni jina Triumph limegongwa mara nyingi nyuma ya namba. Walianza kufanya hivyo mwishoni mwa miaka ya 60 kwa makusudi, ili mtu akifuta namba na kugonga nyingine, ule mchoro wa nyuma ukatike na ionekane. Ukisugua pang'ae, wewe mwenyewe mwenye mali umejitengenezea sura ya mwizi. BSA nao walikuwa na chapa yao ya bunduki 3 zilizoegemezana.

Kuhusu mwaka: kuanzia modeli za 1969, Triumph na BSA walitumia herufi 2. Ya kwanza ni mwezi: A Januari, B Februari, C Machi, D Aprili, E Mei, G Juni, H Julai, J Agosti, K Septemba, N Oktoba, P Novemba, X Desemba. Ya pili ni msimu wa modeli: C ni 1969, D 1970, E 1971, G 1972, H 1973, na kuendelea. Kwa hiyo EG ni Mei 1972. Muuzaji huenda hakuwa na nia mbaya, ila amekosea miaka 3. Na kufanana kwa namba ya fremu na ya injini ni jambo kubwa kwenye Triumph: zilitoka kiwandani zikiwa na namba moja. Pikipiki yako haijatenganishwa na moyo wake kwa zaidi ya miaka 50. Linda hiyo pea.

La mwisho, na halihusu kibati lakini litakuokoa. Fremu za Bonneville kuanzia msimu wa 1971 hubeba mafuta ya injini ndani ya bomba nene la mgongoni. Ukiipeleka kupigwa mchanga bila kuziba kila tundu, chembe zinaingia humo, halafu siku ukiwasha zinakwenda moja kwa moja kwenye beringi. Mimi ningetoa rangi kwa rimuva tu.

Huku Uingereza, chombo ambacho umri au utambulisho wake una shaka, DVLA, mamlaka ya usajili wa vyombo vya moto, hukipa namba inayoanza na Q. Mashine ya kale yenye Q inashuka bei mno, hata ikiwa nzuri kiasi gani. Ndiyo maana watu huku wanaililia milimita 1 ya chuma.

Mdau wa Mombasa

Mwenyezi Mungu akulipe kheri. Msasa nimeurudisha dukani kwa baba. Kesho napiga penseli na karatasi.

Mdau wa Mwanza

Wakuu, mimi nimeshaharibikiwa. Fremu niliikuta kwa mtu wa vyuma chakavu, kibati hakuna, matundu 4 yapo. Namba ya chuma inasomeka nusu. Kuna fundi anachonga vibati kwa mashine, anasema atanitengenezea kama cha kiwandani na kuigonga upya ile ya fremu. Kuna ubaya?

Mleta uzi

Mkuu, nakujibu kama ndugu. Usifanye. Nia yako ni njema, nayaamini maneno yako, lakini namba iliyogongwa upya na mtu binafsi haiwezi kutofautishwa na namba ya mwizi. Umbo la tarakimu halitafanana, kina hakitafanana, na mstari utapinda.

Kisha, mara nyingi namba iliyofutika haijaondoka. Nyundo ilipogonga tarakimu kiwandani, chuma kilichokuwa chini yake kilibanwa zaidi kuliko cha pembeni. Ukifuta juu, ule ubano unabaki ndani. Wataalamu wa maabara za uchunguzi wanapaka asidi maalumu, kwa chuma hutumia yenye kloridi ya shaba, inakula sehemu iliyobanwa tofauti na pengine, na namba ya zamani inachomoza kama kivuli. Maana yake ni mbili kwako. Ukigonga mpya juu ya ya zamani, ya zamani itatokea na utaulizwa. Na kama fremu ni halali, namba yako halisi bado inaweza kusomwa na watu wenye mamlaka ya kuisoma.

Kabla ya kutumia hata shilingi, nenda polisi na fremu kama ilivyo. Usiipake rangi. Eleza umeitoa wapi, mpe jina la aliyekuuzia, waulize kama inatafutwa. Ikiwa safi, hapo ndipo unaanza mazungumzo ya usajili. Vibati vipya vitupu vinauzwa Ulaya kwa BMW za zamani na sioni kosa kukiweka ili matundu yasikae wazi, ilimradi kiandikwe namba ileile iliyopo kwenye chuma, na kwenye faili lako uandike wazi kwamba ni kipya. Na ikiwa ni BMW na namba inasomeka yote, BMW Classic kule München hutoa cheti cha kumbukumbu ya kiwandani kwa kutumia namba ya fremu.

Lakini fremu ya chuma chakavu yenye namba nusu, kwa moyo mweupe, mimi ningeirudisha. Najua inauma.

Mdau wa Mwanza

Nimekuelewa mkuu. Inauma kweli, nilishaanza kuipenda. Jumatatu nakwenda polisi kwanza.

Mdau wa Arusha

Mleta uzi, turudie ile 3 na 8. Iliishaje?

Mleta uzi

Samahani kwa ukimya, wiki 5 zimepita. Fremu imepakwa rangi nyeusi kwa bunduki ya kawaida ya kupulizia, si ya unga, kwa sababu nilitaka namba isijae. Nikaipa wiki 3 ikauke mpaka ndani. Msiwe na haraka hapo. Rangi mbichi inachubuka kuzunguka pini ukigonga.

Kabla ya kurudisha kibati nilisafisha matundu 4 kwa ncha ya biti niliyoizungusha kwa vidole, maana rangi ikiwa ndani ya tundu pini haibani, na inapasua rangi ya pembeni. Nyuma ya kibati nimepaka nta nyembamba. Msitumie ile silikoni inayonuka siki. Ule mnuko ni asidi, na inakula chuma polepole chini ya kibati. Gundi pia hapana. Kama tundu limelegea, tafuta pini ya saizi inayofuata.

Pini mpya nimeagiza zenye mifuo ileile. Ukitafuta dukani kiwango chake cha Kijerumani ni DIN 1476. Nilianza na kona ya juu kushoto, kisha ya chini kulia, ili kibati kisivutike upande mmoja. Nyundo ndogo ya fundi saa, na kipande cha shaba nilichokichimba kidogo kwenye ncha ili kichwa cha pini kisibondeke. Mapigo mafupi. Sauti inabadilika pini ikifika mwisho: kabla inalia bubu, ikikaa inalia kama kengele ndogo.

Sasa ile tarakimu. Kibati kilipotoka kuoshwa kilionyesha 3, wazi kabisa, nacho kiko sambamba na chuma. Kwa hiyo karani fulani, zamani sana, aliisoma vibaya na kuandika 8 kwenye kadi. Baba aliiendesha miaka yote ile na kadi yenye namba isiyo ya pikipiki yake, na hakuna aliyewahi kuinama kuangalia. Ningepeleka fremu pipani kama ile Honda, leo ningekuwa na kadi yenye 8 na chuma laini, na nisingeweza kumthibitishia mtu yeyote kwamba hii ni ya baba yangu.

Jumatatu nakwenda TRA kuomba marekebisho ya kadi. Nimepanga bahasha: kadi ya baba, hati za mirathi, picha za kabla ya kuosha, zile karatasi 5 za penseli, na zile pini 4 za zamani, ikiwemo iliyokatika kichwa. Nikijibiwa nitaandika hapahapa.